Taya Lililovunjika na Kinywa Kinachotaka Kulishwa

Tarehe 29 Machi 1932, huko Kanam chini ya Mlima Homa, upande wa kusini wa Ghuba ya Winam, Juma Gitau alikuwa akivunja bonge la udongo mgumu lililotolewa kwenye genge. Humo akakuta meno, na meno yalikuwa bado yameshikwa na mfupa. Gitau alikuwa miongoni mwa Wakenya waliochimba mabaki ya kale pamoja na Louis Leakey, na alichokitoa siku hiyo kilikuwa kipande cha mbele cha taya la chini la binadamu, kidevu kikiwemo.

Leakey aliamini amempata babu wa kale kabisa wa binadamu wa leo. Mwaka 1935, katika kitabu chake kuhusu watu wa Kenya wa Zama za Mawe, alilipa taya hilo jina la kisayansi la Homo kanamensis. Mwaka huohuo mwanajiolojia Percy Boswell alisafiri kutoka Uingereza kuja kujionea mahali lilipopatikana. Vigingi vya chuma ambavyo Leakey aliviacha kama alama havikuwapo tena; wenyeji walikuwa wameving'oa, maana chuma hakikosi kazi kwa watu wa ziwani. Picha za mahali hapo nazo hazikusaidia. Boswell akaandika katika jarida la Nature kwamba ushahidi wa umri wa taya lile haukutosha, na sifa ya Leakey ikaingia doa lililochukua miaka mingi kufutika. Leo wanasayansi wengi huliona taya la Kanam kuwa la juzi zaidi kuliko alivyodai Leakey mwenyewe.

Ugomvi huo wa umri ulifunika jambo lenye uzito zaidi kwa anayetaka kujua maisha ya watu wa ukingo huu wa Ghuba ya Winam. Taya lile lilikuwa na ugonjwa. Upande wa ndani wa kidevu, panapoelekea ulimi, mfupa ulikuwa umeota nundu isiyo ya kawaida. Mtaalamu wa maradhi aliyelichunguza miaka ya 1930 alisema ni saratani ya mfupa. Miaka ya 1970 likatolewa wazo jingine katika jarida la The Lancet: huenda ni ule uvimbe wa taya ambao wakati huo ulikuwa umeshaipa Afrika Mashariki umaarufu katika vitabu vya tiba duniani.

Uvimbe huo unahitaji kusimuliwa hapa, kwa sababu hadi leo mzazi wa pwani ya ziwa akiona shavu la mtoto limevimba hufikiri kwanza jino, kisha pigo. Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt, Mwairishi aliyekuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amtazame mvulana wa miaka mitano ambaye mataya yake yote, juu na chini, kushoto na kulia, yalikuwa yamevimba. Muda mfupi baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, akamwona mtoto mwingine wa namna hiyohiyo. Burkitt alishangaa. Uvimbe wa jino hukaa upande mmoja. Huu uliota pembe nne za kinywa. Alichapisha taarifa yake mwaka 1958. Mwaka 1961, pamoja na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson, akaendesha gari kuukuu aina ya Ford kwa umbali wa maili 10,000 hivi, akipita hospitali moja hadi nyingine kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, akiuliza swali moja tu: je, mnawaona watoto wa namna hii? Ramani iliyopatikana ilifuata joto na mvua, na baadaye ikaonekana inafuata malaria. Nyanda zote zinazolizunguka Ziwa Victoria zilikuwa ndani ya ramani hiyo.

Burkitt alikuwa mtu wa kisu, lakini aligundua upesi kwamba kisu hakikuwa jibu. Kukata nusu ya uso wa mtoto hakukumponya. Dawa za kuua seli, hata kwa dozi chache, ziliyeyusha uvimbe kwa kasi ambayo madaktari wa wakati huo hawakuwa wameizoea. Mwanasayansi Anthony Epstein, aliyemsikia Burkitt akihutubia London mwaka 1961, alitafuta kirusi ndani ya vipande vya uvimbe vilivyotumwa kutoka Uganda, na mwaka 1964 yeye na wenzake wakatangaza kile kinachoitwa sasa kirusi cha Epstein-Barr. Kwa hiyo katika hospitali za Nyanza, taya la mtoto lililovimba bila kisa cha kuanguka wala kupigwa halipaswi kusubiri kung'olewa jino baada ya jino. Siku zinazopotea hapo ni ghali.

Turudi Kanam. Mwaka 2007 Joan Phelan, bingwa wa maradhi ya kinywa wa New York, pamoja na timu ya watafiti, walichapisha matokeo ya kulichunguza upya lile taya kwa vyombo ambavyo madaktari wa miaka ya 1930 hawakuwa navyo. Hawakuegemea saratani wala uvimbe wa Burkitt. Maelezo yaliyolingana na mfupa, walisema, ni kwamba taya lilivunjika, likaingiwa na maambukizi, na mfupa ukaendelea kujijenga kupita kiasi kuzunguka jeraha.

Kama ndivyo, basi moja ya mifupa mashuhuri kabisa ya ukingo wa Winam ni rekodi ya mtu aliyevunjika taya. Mfupa hauoti nundu kwa siku mbili. Mtu yule aliishi wiki nyingi, pengine miezi, akiwa na usaha kidevuni na meno yasiyokutana. Hakuweza kutafuna nyama ngumu wala mizizi mibichi. Alikula nini? Jiwe halijibu, lakini swali lenyewe ndilo linalounganisha historia nzima ya taya lililovunjika, kutoka kwenye genge la Kanam hadi kwenye wodi za Kisumu: daktari au mganga anataka kinywa kifungwe kitulie, na tumbo linataka kinywa kifunguliwe lile.

Taya la chini ni mfupa wa pekee usoni unaotembea. Limeinama kama upinde, na ncha zake mbili zimechomekwa kwenye viungo vilivyo mbele ya masikio. Kwa umbo hilo, pigo la upande mmoja mara nyingi hulivunja mahali pawili: pale lilipopigwa, na upande wa pili karibu na shingo ya kiungo. Anayeanguka kifudifudi akatua kidevu anaweza kuvunja shingo zote mbili za viungo bila kidevu chenyewe kuonyesha zaidi ya mkwaruzo. Pembe ya taya, chini ya sikio, hudhoofishwa na gego la mwisho lililojificha ndani ya mfupa. Ngumi ya upande hupapata hapo.

Dalili zake mtu anaweza kuzijua bila mashine. Mgonjwa husema meno yake hayakutani tena kama zamani. Mdomo wa chini hufa ganzi upande mmoja, kwa sababu mshipa wa fahamu wa mdomo huo hupita ndani ya mfupa wenyewe. Chini ya ulimi damu huvilia na kuacha doa jeusi. Mate yenye damu humtiririka kwa kuwa kumeza ni mateso. Mtu mwenye dalili hizo akiambiwa anywe dawa ya maumivu alale, amedhulumiwa.

Kabla ya hospitali, watu wa eneo hili hawakukaa mikono mitupu mbele ya mfupa uliovunjika. Milimani, upande wa Kisii, mabingwa walioitwa omobari walifungua fuvu la mtu aliyepigwa rungu au jiwe kichwani, wakakwangua na kutoa vipande vya mfupa vilivyokuwa vikibonyeza, na wagonjwa wao wengi waliishi kuonyesha makovu. Sifa yao ilienea hadi kwa madaktari wa Ulaya, ambao katika karne ya 20 walikuja kupiga picha na kuandika juu yao. Upasuaji wa mifupa ya kichwa ulikuwa Nyanza kabla ya reli.

Kwa Waluo, kinywa chenyewe kilikuwa na upasuaji wake. Kijana aliyekaribia utu uzima aling'olewa meno sita ya mbele ya chini: manne ya kukatia na mawili ya chonge. Desturi hiyo, nak, ilifanywa na fundi maalumu kwa chombo chembamba cha chuma, na aliyeng'olewa hakutakiwa kulia. Hadithi za kuja kwa Waluo Kenya huwaleta kwanza katika Yimbo, kwenye kilima cha Got Ramogi, jirani kabisa na mji wa ufuoni wa Usenge wa leo. Profesa Bethwell Allan Ogot alizikusanya hadithi hizo na kuzipangia vizazi katika kitabu chake cha mwaka 1967 kuhusu historia ya Waluo wa kusini. Walipoteremka Ramogi kwenda ufuoni, walikuja na vinywa vyenye mwanya.

Sababu zinazotolewa ni nyingi: utambulisho, urembo, heshima ya kuvumilia. Lakini wazee wamekuwa wakitoa pia sababu ya tiba, nayo inastahili kuchukuliwa kwa uzito wake. Mtu akishikwa na pepopunda, misuli ya taya hukaza na meno hufungamana. Mwenye mwanya mbele angeweza kunyweshwa uji na dawa. Asiye nao angekufa njaa kabla ya ugonjwa kumaliza kazi yake. Katika nchi ya majembe, ndoana na miiba, ambako jeraha la mguuni lilitosha kuleta pepopunda, hesabu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Madaktari wa meno wanaofunga mataya kwa waya hupambana na tatizo hilohilo, na mgonjwa mwenye pengo la jino huwarahisishia kazi ya kulisha.

Jambo hilo lina upande wake wa pili pia. Meno ndiyo misumari ambayo waya hufungiwa. Mzee aliyepitia nak alikosa meno sita ya kufungia, na mfupa unaokaa bila meno kwa miaka mingi hupungua kimo. Kwa hiyo daktari aliyempokea mzee wa namna hiyo akiwa amevunjika taya alikuwa na dirisha la kupitishia uji, ila alikuwa na nguzo chache za kujengea. Desturi yenyewe ilififia kadiri shule na makanisa yalivyoshika mizizi katika karne ya 20, na leo mwanya huo huonekana zaidi kwenye picha za kale kuliko sokoni.

Kwingineko duniani swali lilikuwa lilelile. Waandishi wa Misri ya kale, katika hati iliyonunuliwa Luxor mwaka 1862 na Edwin Smith, walieleza namna ya kurudisha taya lililoteguka: tabibu aingize vidole gumba kinywani, vidole vingine vishike chini ya kidevu, asukume. Namna hiyo haijabadilika sana. Lakini lililovunjika vibaya waliliweka katika kundi la magonjwa yasiyotibika. Wagiriki wa zama za Hippocrates walifunga meno ya pande mbili za ufa kwa uzi wa dhahabu au wa kitani. Katika karne ya 13 mpasuaji wa Italia, Guglielmo da Saliceto, akaongeza wazo ambalo ndilo msingi wa kazi yote iliyofuata: funga meno ya chini kwenye ya juu, na taya zima litakuwa gango la taya bovu. Wazo hilo lilisahauliwa kwa karne nyingi hadi Thomas Gilmer wa Marekani alipolifufua mwaka 1887.

Kati ya hao wawili alikuwapo Thomas Gunning, daktari wa meno wa New York wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Alitengeneza ganda la mpira mgumu lililovaa ufizi wa juu na wa chini kwa pamoja, akaliachia tundu mbele. Tundu hilo lilikuwa la chakula. Mwaka 1865 William Seward, waziri wa mambo ya nje wa Abraham Lincoln, alirushwa kutoka kwenye gari la farasi akavunjika taya, naye Gunning ndiye aliyemvisha ganda lake.

Vita Vikuu vya Kwanza vilifundisha somo jingine, la uchungu zaidi. William Kelsey Fry, mganga Mwingereza aliyekuwa mstari wa mbele, alimwokoa askari aliyejeruhiwa taya, akamkabidhi kwa wabeba machela, nao wakamlaza chali. Askari akafa kwa kukosa hewa. Kidevu kinapovunjika pande mbili, ulimi hupoteza kishikio na kuangukia nyuma kooni. Tangu hapo Kelsey Fry alisisitiza kwamba majeruhi wa taya asafirishwe ameinama mbele, uso ukitazama chini, damu na mate vikidondoka nje.

Somo hilo lingepaswa kubandikwa katika kila kituo cha bodaboda kutoka Usenge hadi Bondo. Wasamaria wema wanaomwokota mtu barabarani humlaza chali nyuma ya gari, wakiamini wanampumzisha. Akiwa na fahamu zake na shingo haina shaka, mwacheni akae, ainame, ateme.

Hospitali za kisasa zilifika na reli. Treni ya Uganda Railway ilifika Port Florence, ndiyo Kisumu, Desemba 1901, na mji ukakua na gati, ghala na wodi. Lakini jengo ambalo watu wengi wa Nyanza bado wanaliita Russia lilijengwa kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti na kufunguliwa tarehe 25 Oktoba 1969. Siku ya ufunguzi yenyewe ilimwagika damu. Rais Jomo Kenyatta na Jaramogi Oginga Odinga walirushiana maneno hadharani, umati ukapandwa na hasira, walinzi wakafyatua risasi, na watu wakafa mlangoni pa hospitali ambayo ilikuwa bado haijazoea wagonjwa. Leo ni hospitali ya mafunzo na rufaa, nayo inaitwa kwa jina la Jaramogi mwenyewe. Wenye mataya mabaya kutoka Siaya, Homa Bay, Migori na visiwani huelekezwa huko.

Mafunzo ya udaktari wa meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi yalianza miaka ya 1970, na kutokana nayo Kenya ikaanza kupata mabingwa wake wa upasuaji wa kinywa, taya na uso. Wawili kati ya wasomi wa kizazi hicho, D. L. Mwaniki na S. W. Guthua, walichapisha mwaka 1990 hesabu ya wagonjwa wa Nairobi waliovunjika taya la chini. Karibu robo tatu walikuwa wamepigwa na binadamu mwenzao. Wanaume waliwapita wanawake mbali sana, na wengi walikuwa vijana.

Picha hiyo inaeleweka pia ufuoni, ambako mnada wa samaki, deni la nyavu na chang'aa ya usiku hukutana. Mpini wa kasia ni mzito. Wako pia wanawake wanaofika kliniki wakisema wameanguka bafuni, huku mume amesimama karibu akiwajibia maswali. Muuguzi mzoefu humtoa mume nje kwanza. Watoto huanguka kutoka kwenye mwembe. Wavuvi huteleza kwenye mashua yenye maji na magamba, kidevu kikatua kwenye ubao wa kukalia. Ng'ombe na punda hupiga teke.

Kisha ikaja pikipiki. Bodaboda ilianza na baiskeli kwenye mpaka wa Busia, si mbali na Usenge kwa upande wa kaskazini. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pikipiki ndogo, bei ikashuka, na katika miaka michache njia zote za Yimbo, Bondo na Rarieda zikawa zake. Zilileta mama wajawazito hospitalini usiku, zilileta samaki sokoni kabla hawajaoza, na zilileta majeruhi. Upande wa kusini wa ziwa, madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, wakiongozwa na Phillipo Chalya, waliripoti mwaka 2011 kwamba ajali za barabarani ndizo zilizoongoza kuvunja mifupa ya uso kwa wagonjwa wao. Ngumi haijaacha kuvunja mataya, lakini lami imeingia kwenye mashindano.

Sheria ya Kenya inamtaka mwendeshaji na abiria wavae helmeti. Nyingi zinazoonekana njiani hufunika utosi na kuacha kidevu wazi. Ubongo hulindwa, na hilo ni jambo kubwa, lakini mtu akirushwa mbele hutua kwa kilicho tupu.

Kutoka Usenge, majeruhi wa taya hupitishwa kwanza kwenye kituo cha karibu, kisha Bondo au Siaya, kisha barabara ya Kombewa hadi Kisumu. Wa Kisiwa cha Mageta, kile kilichokuwa na kambi ya wafungwa wakati wa Mau Mau miaka ya 1950, huanza kwa mashua. Kabla ya safari anahitaji mambo machache tu, na kituo kidogo kinayaweza: njia ya hewa iwe safi, achomwe sindano ya pepopunda, aanzishiwe antibiotiki, na afungwe kitambaa laini bila kukaza hadi kumzuia kutema. Antibiotiki si anasa. Ufa wowote unaopita penye jino umeshafunguka kinywani, na kinywa hakiwi safi siku yoyote. Mtu wa Kanam angetoa ushahidi.

Chumba cha upasuaji kina utaratibu wake. Mgonjwa akipewa nusukaputi, mpira wa kupumulia haupitishwi mdomoni kama ilivyo kwa wengine, hupitishwa puani, kwa sababu daktari atahitaji kuyafunga meno ya juu na ya chini katikati ya kazi aone kama yanakutana. Vyuma viwili vyembamba vyenye ndoano ndogo hukunjwa kufuata meno, kimoja juu, kimoja chini. Waya wa chuma kisichoshika kutu, unene wa nusu milimita hivi, hupitishwa kati ya jino na jino, ukazungushwa shingo ya jino, ukasokotwa kwa koleo mpaka ukaze, na ncha yake ikakunjwa kuelekea ndani isimchome mgonjwa shavu. Kazi hiyo hurudiwa jino hadi jino. Glavu hutoboka; vidole vya daktari hupata alama. Vyuma vikisimama imara, pande mbili za ufa husogezwa hadi magego yaumane kama yalivyokuwa yakiumana siku zote, ndipo ndoano za juu na za chini zikafungwa pamoja.

Hapo kazi inaweza kuishia. Kinywa hubaki kimefungwa wiki nne hadi sita, kwa mtoto pungufu, na mfupa hujiunga wenyewe. Njia hii ni ya zamani, ni ya bei nafuu, na mikononi mwa daktari au fundi mwangalifu hutoa matokeo mazuri.

Au daktari huendelea. Hukata ndani ya mdomo, kwenye mkunjo ulio kati ya ufizi na shavu, ili uso usiachwe na kovu, akausogeza kando ule mshipa wa fahamu unaotokea kidevuni. Bamba dogo la titani, lenye matundu manne au zaidi, hukunjwa likae juu ya mfupa. Mfupa hutobolewa huku maji ya chumvi yakimiminwa juu ya keekee, maana joto la keekee huua mfupa na skrubu ikalegea baada ya majuma. Skrubu zenyewe zina upana wa milimita mbili. Ustadi huu walianzisha Wafaransa: Michelet aliuonyesha mwaka 1973, na Maxime Champy wa Strasbourg, mwaka 1978, akaonyesha kwa hesabu za nguvu za kutafuna mahali hasa pa kuweka bamba. Kwenye pembe ya taya, moja hutosha likiwekwa juu, panapovutwa. Mbele ya kidevu huhitajika mawili, kwa sababu mfupa hapo hujipinda. Waya wa kufunga kinywa hukatwa pale pale mezani au siku chache baadaye, na mgonjwa huanza kula vyakula laini.

Ni rahisi kusema bamba ni bora kwa kila mtu, lakini si hivyo. Linahitaji seti kamili ya vifaa, nusukaputi na pesa, na ingawa bima ya taifa, ambayo tangu Oktoba 2024 imehamia Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), inalenga kupunguza mzigo, familia nyingi bado huchanga. Ufa usiosogea wa kijana mwenye meno yote hupona vizuri kwa waya. Bamba lina thamani isiyo na kifani kwa mtu ambaye hawezi kufungwa kinywa: mwenye kifafa, mwenye pumu kali, mzee asiye na meno, aliyevunjika mahali pengi, na mvuvi ambaye wiki sita bila ziwa maana yake ni watoto bila ada.

Maana anayefungwa kwa waya hurudi kwenye swali la uji. Sukari na maji havimfikishi. Anahitaji uji mwembamba wa wimbi au mtama uliochanganywa na maziwa, supu ya samaki iliyochujwa isibaki mfupa, omena zilizokaushwa zikasagwa unga laini, mayai, juisi ya matunda, na anahitaji kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, kwa mrija unaopitishwa nyuma ya gego la mwisho, panapoachia nafasi. Wengi hukonda. Anayemhudumia hupewa koleo la kukatia waya na kuonyeshwa ni nyaya zipi za kukata, kwani mgonjwa akitapika huku kinywa kimefungwa anaweza kupaliwa hadi kufa. Koleo hilo hukaa naye kitandani, na akipanda mashua kurudi Mageta hupanda nalo mfukoni. Pombe amekatazwa kabisa, kwa sababu hiyohiyo ya kutapika.

Shida inayowasumbua madaktari huja mwishoni. Mtu akiona maumivu yamekwisha, nauli ya kurudi Kisumu huanza kuonekana nzito, na wapo wanaojikatia nyaya wenyewe juma la tatu ili wale ugali. Mfupa ambao haujashika hulegea, maambukizi huingia, na kazi huanza upya ikiwa ngumu zaidi. Vyuma vikitolewa kwa wakati wake, kwa ganzi tu kliniki, kinywa huwa kimekakamaa. Mgonjwa hupewa vijiti bapa vya mbao vya kupimia ulimi, avipange kimoja juu ya kingine kati ya meno yake, na kila siku aongeze kimoja, hadi vidole vyake vitatu vilivyosimama viweze kupita.